Jani Linavyolihisi Jua Lisiloonekana

Mche wa kahawa uliokulia kivulini, ukitolewa siku moja na kupandwa wazi kwenye mlima wa Lubero, majani yake hubabuka. Hupauka kwanza, kisha hupata mabaka, na mwishowe kingo zake hukauka na kugeuka kahawia. Mche mwingine wa mbegu ileile na kitalu kilekile, ambao paa lake la matete na majani ya migomba lilipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, hupandwa kwenye udongo huohuo na kusimama. Wenye vitalu wa Beni na Butembo, huku Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, wanalijua jambo hili, na wamelifundishana bila kungoja maabara. Joto, hewa kavu na wingi wa mwanga wa kawaida vina sehemu yao katika kubabuka huko. Lakini kuna sehemu nyingine, nayo ni ya mionzi ambayo jicho la mwenye kitalu haliioni kabisa. Katika zile wiki za kupunguza kivuli, jani huihisi mionzi hiyo, huipima, kisha hujitengenezea kinga. Namna linavyoihisi ilikuwa fumbo hadi mwaka 2011.

Sijui mahali panapofaa kuisimulia habari hii kuliko barabara ya Butembo na Beni. Butembo upo kaskazini ya mstari wa Ikweta kwa dakika chache tu za latitudo. Anayesafiri kwenda Lubero anauvuka mstari huo njiani. Kwa hiyo jua la saa sita mchana haliendi mbali na utosi mwaka mzima. Hata mwezi Juni na mwezi Desemba, linapoegemea upande mmoja kadiri liwezavyo, saa sita bado liko nyuzi 66 au zaidi juu ya upeo wa macho. Mwale unaoshuka karibu wima hupita katika hewa kidogo, na hewa ndiyo chujio letu. Tena tabaka la ozoni, linalonyonya sehemu kubwa ya mionzi mikali, ni jembamba zaidi katika nchi za tropiki kuliko Ulaya. Juu ya yote hayo kuna mwinuko. Beni upo kwenye mita 1100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, Butembo kwenye mita 1700 na zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mionzi hii huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1000 za kupanda. Mtu anayeondoka Beni kwa pikipiki, akapita Kabasha na Maboya hadi sokoni Butembo, ameingia katika jua lenye mionzi hiyo zaidi kwa asilimia 6 au 7 hivi. Si tofauti kubwa. Wingu moja zito la mchana huifuta. Lakini jani halisafiri. Linakaa palepale kila siku, na kidogo cha kila siku kinajumlishwa.

Mionzi yenyewe inaitwa ya urujuanimno kwa sababu iko ng'ambo ya rangi ya urujuani, pale upinde wa mvua unapoishia machoni petu. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700. Chini ya 400 huanza urujuanimno, ambao wanasayansi wameugawa mafungu matatu: UV-A kutoka 400 hadi 315, UV-B kutoka 315 hadi 280, na UV-C chini ya hapo. Wimbi linavyokuwa fupi ndivyo fotoni yake inavyobeba nguvu nyingi. UV-C yote huishia juu angani, ozoni na oksijeni zikiwa zimeimeza. UV-A hutufikia kwa wingi. UV-B hutufikia kidogo sana, mabaki tu ya ile iliyoponea ozoni, na karibu yote ina mawimbi ya zaidi ya nanomita 290. Habari hii inahusu mabaki hayo.

Historia ya kugunduliwa kwa urujuanimno ina uzi unaofika hadi kwenye milima yetu. Mwaka 1801, mjini Jena, Johann Ritter aliweka kloridi ya fedha kwenye rangi zilizotawanywa na mche wa kioo, akaona kwamba inakuwa nyeusi upesi zaidi mahali ambapo jicho halikuona mwanga wowote, ng'ambo ya urujuani. Mionzi ilikuwepo, lakini ilijulikana kwa alama iliyoacha tu. Mwaka 1845 John Herschel alieleza jambo la ajabu katika maji yaliyotiwa kwinini: yakiwa safi kama maji ya kunywa, yalitoa mng'ao wa buluu juujuu pale jua lilipoyagusa. George Gabriel Stokes alilitatua mwaka 1852. Alitawanya mwanga wa jua kwa kioo, akachukua kichupa cha kwinini na kukisogeza kutoka rangi moja hadi nyingine. Kwenye nyekundu, hakuna kitu. Kwenye manjano na kijani, hakuna kitu. Kilipovuka urujuani na kuingia gizani, kichupa kikawaka buluu. Kwinini ilikuwa inaumeza urujuanimno usioonekana na kuutoa tena kama mwanga unaoonekana.

Kwinini hutoka katika magome ya mkwinini, mti wa milima ya Andes ambao Waholanzi na Waingereza waliupeleka Asia katika karne ya 19, na ambao baadaye, wakati wa Wabelgiji, ulipandwa Kivu. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, mataifa yaliyopigana nao yalipoteza karibu kwinini yote ya dunia, na mashamba ya Kongo yakapata thamani mpya. Hadi wakati wetu magome hayo yamekuwa moja ya bidhaa za Butembo na Beni, pamoja na kahawa, kakao, vanila na utomvu wa papai, na huko Bukavu kampuni ya Pharmakina imekamua kwinini kwa miongo mingi. Mti huu tutaurudia, maana kemia yake inahusiana na jicho la jani kwa undani kuliko mtu angedhani.

Kwanza tuone kwa nini jani linahitaji kuijua mionzi hii. Mmea hauwezi kulikwepa jua, kwa sababu jua ndilo chakula chake. Mbuzi akizidiwa huingia chini ya mti. Mti hauna pa kuingia. Na UV-B hudhuru kiini cha uhai wenyewe. DNA ni uzi mrefu wa herufi nne za kemia, na mahali ambapo herufi mbili za timini zimekaa jirani, fotoni moja ya UV-B inaweza kuziunganisha pamoja kwa namna isiyotakiwa. Hapo uzi hujikunja vibaya, na vimeng'enya vinavyousoma au kuunakili hukwama. Mimea ina fundi wake wa kosa hilo: kimeng'enya kiitwacho fotolayesi, ambacho hukaa juu ya mahali palipoharibika, hupokea mwanga wa buluu au UV-A, na kwa nguvu ya mwanga huo hukata muungano mbaya. Jua linatengeneza kilichoharibiwa na jua. Binadamu hatuna kimeng'enya hiki. Sisi hukata kipande kizima cha uzi na kukijaza upya, kazi ndefu na ya gharama. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao inakosa melanini ya kuzuia mionzi isifike ndani, wanajua kwa uchungu jinsi kazi hiyo inavyoweza kuzidiwa.

Kutengeneza baada ya kuharibika ni jambo la lazima, lakini mwenye hekima hujikinga kabla. Na hapo ndipo watafiti walipotatizika kwa muda mrefu. Ukimulika mche kwa UV-B hafifu sana, isiyotosha kuleta madhara yoyote yanayoonekana, mche hubadilika: shina hurefuka kidogo tu, majani huwa mazito, na ngozi ya jani hujaa kemikali za kuchuja mionzi. Mmea haungoji jeraha. Basi una kitu kinachoitambua UV-B yenyewe, na si madhara yake. Kitu gani?

Vihisio vingine vya mwanga vilikuwa vimekwisha kujulikana. Fitokromu huhisi mwanga mwekundu. Kriptokromu, ambayo jeni lake lilitambuliwa mwaka 1993, huhisi buluu na UV-A. Fototropini, inayofanya mche uinamie dirisha, ilijulikana mwaka 1997. Vyote vina mpango mmoja: protini hushika ndani yake molekuli ndogo ya kigeni yenye rangi, na molekuli hiyo ndiyo inayonasa fotoni. Protini yenyewe kazi yake ni kubadilika umbo molekuli ile inapoguswa na mwanga. Ilikuwa halali kutarajia kwamba kihisio cha UV-B nacho kina molekuli kama hiyo, na wengi waliitafuta.

Kumbe njia ilianzia kwenye mmea mgonjwa. Mwaka 2002 Daniel Kliebenstein na wenzake walichapisha habari za mmea mmoja wa Arabidopsis, gugu dogo la ukoo wa kabeji, uliokuwa dhaifu mno mbele ya UV-B. Jeni lililoharibika ndani yake waliliita UVR8. Halikuonekana kuwa na uhusiano na mwanga. Protini yake ilifanana na protini moja ya binadamu, RCC1, inayofanya kazi ndani ya kiini cha seli, na hakuna aliyewahi kuihusisha RCC1 na kuona. Huko Glasgow kundi la Gareth Jenkins lilionyesha mwaka 2005 kwamba UVR8 ndiyo inayowasha jeni za kinga mmea unapopata UV-B. Bado mtu angeweza kusema UVR8 ni tarishi tu, anayepokea habari kutoka kwa kihisio kingine.

Mwaka 2011 Luca Rizzini, Roman Ulm na wenzao walifunga mjadala huo. Walionyesha kwamba ndani ya seli UVR8 hukaa wawili wawili, protini mbili zimeshikana uso kwa uso, na UV-B ikifika hutengana mara moja. Waliiweka protini hiyo katika hamira, ambayo si mmea na haina UVR8 yake yenyewe. Ikatengana vilevile. Haikuhitaji tarishi, wala molekuli ya kigeni. Kinachonasa fotoni ni triptofani, moja ya asidi amino 20 za kawaida zinazojenga protini zote za dunia, iliyomo katika maharage na karanga, na katika nyama yetu wenyewe.

Nakaa kidogo hapa kwa sababu nadhani hili ni moja ya magunduzi mazuri zaidi ya bayolojia ya karne hii. Kila anayefanya kazi na protini maabara anajua kwamba triptofani humeza urujuanimno karibu na nanomita 280. Ndivyo wanavyopima wingi wa protini katika kichupa kila siku. Sifa hiyo ilikuwa wazi mbele ya macho ya wote. Wakati wote huo mmea ulikuwa umeichukua na kuigeuza jicho.

Picha kamili ilipatikana mwaka 2012, makundi mawili yalipotoa muundo wa UVR8 atomu kwa atomu karibu kwa wakati mmoja: moja la Glasgow pamoja na Taasisi ya Scripps ya California, jingine la Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing. Kila protini ina asidi amino 440 zilizojikunja kuwa mabapa saba kuzunguka kitovu, kama pangaboi. Pangaboi mbili zimetazamana. Kwenye nyuso zinazogusana kuna asidi amino zenye chaji chanya, hasa arginini, upande huu, na zenye chaji hasi upande ule. Chanya na hasi zinavutana na kuziweka pamoja. Hiyo ndiyo gundi yao kuu. Na katikati kabisa ya uso huo, zikiwa zimebanana na arginini, zimekaa triptofani kadhaa. Zenye uzito mkuu ni ile ya nafasi ya 285 na ile ya nafasi ya 233.

Kila UVR8 ya Arabidopsis ina triptofani 14. Fotoni ya UV-B inaweza kuangukia yoyote kati ya hizo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba zile za pembeni hupokea nguvu na kuipitisha kwa jirani hadi ifike kwenye kundi la katikati, kwa hiyo protini nzima inashiriki kukusanya. Nguvu ikifika kwa triptofani ya 285, elektroni zake husisimka, na mpangilio wa chaji kwenye mpaka ule huvurugika kwa muda mfupi mno. Muda huo unatosha. Mvutano kati ya chanya na hasi unalegea, na pangaboi mbili zinaachana. Watafiti walipobadilisha asidi amino hiyo moja tu, wakaweka fenilalanini mahali pa triptofani ya 285, protini ilibaki imeshikana hata ikimulikwa. Asidi amino moja kati ya 440, na mmea umekuwa kipofu wa UV-B.

Tuurudie sasa mkwinini. Triptofani ina sehemu moja yenye pete mbili za atomu zilizoungana, iitwayo indoli, na pete hizo ndizo zinazomeza urujuanimno. Mkwinini unapotengeneza kwinini, huanza na triptofani. Huiondolea kipande, huiunganisha na molekuli nyingine ya ukoo wa terpeni iliyobeba sukari, hupita hatua nyingi, na mwishoni hupanua pete ya indoli kuwa pete nyingine iitwayo kwinolini. Kwinolini hiyo ndiyo inayomeza urujuanimno katika kichupa cha Stokes na kuwaka buluu. Kwa hiyo kile kilichomwezesha Stokes kuuona urujuanimno kwa macho yake ni mtoto wa molekuli ileile ambayo majani huitumia kuuhisi. Stokes hangeweza kulijua hili. Lakini mwanafunzi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, anaweza kuyaona yote kwa siku moja: achukue salfeti ya kwinini kidogo maabara, aiyeyushe katika maji yenye ndimu, aiweke juani mbele ya kitambaa cheusi, aitazame ubavuni. Kisha ainue macho autazame mkwinini ulio mlimani, akijua kwamba kila jani la mti ule lina protini zinazofanya kazi hiyo kwa namna yake.

UVR8 zikishatengana, kazi ndiyo inaanza. Ndani ya dakika chache protini hizo, sasa moja moja, huzidi kujikusanya katika kiini cha seli. Huko kuna protini iitwayo COP1, ambayo gizani huwa na kazi ya kukandamiza. Inamfuata HY5, msimamizi wa jeni nyingi za kuishi mwangani, na kumtia alama ya kuvunjwavunjwa. Gizani, jambo hilo lina faida, kwani mbegu iliyo chini ya udongo haina sababu ya kutengeneza vitu vya juani. UVR8 iliyo peke yake humshika COP1 kwa mkia wake, na COP1 aliyeshikwa hawezi kumfikia HY5. HY5 anasalimika, anaongezeka, anashika DNA mahali panapomhusu, na jeni za kinga zinaanza kusomwa.

Miongoni mwa jeni hizo kuna ile ya kimeng'enya kinachofungua njia ya flavonoidi. Malighafi yake ni asidi amino nyingine, fenilalanini, na mazao yake hupelekwa katika ngozi ya juu ya jani, tabaka moja la seli lisilofanya usanisinuru. Hapo flavonoidi hujaa katika vyumba vya maji vya seli na kuimeza UV-B kabla haijafika kwenye seli za kijani zilizo chini. Mwanga unaoonekana, ule wa chakula, unapita karibu bila kuguswa. Jeni za fotolayesi nazo huamshwa, ili fundi awepo kwa yale yatakayopenya.

Hapa kuna kosa ambalo nimelisikia mara nyingi, nalo linastahili kurekebishwa kwa upole. Watu huona majani machanga ya kakao yanavyotoka mekundu pale Beni, au ncha za shaba za baadhi ya mibuni, wakasema ile ndiyo kinga ya urujuanimno. Rangi nyekundu ya majani hayo ni antosianini, ambayo kweli hutokana na njia ileile ya flavonoidi, na husaidia jani changa dhidi ya mwanga mwingi wa kawaida. Lakini wazuiaji wakuu wa UV-B ni ndugu zake wasio na rangi kwa macho yetu. Jani la kijani tupu linaweza kuwa na kinga kamili na jani jekundu likawa na kinga ndogo. Na lengalenga nyekundu tunayoila haimo kabisa katika habari hii: wekundu wake ni betalaini, rangi ya ukoo mwingine inayotengenezwa kwa njia tofauti. Mtu hawezi kuihukumu kinga ya jani kwa kulitazama.

Kengele inayolia bila kuzimwa haina faida, na mmea umelifikiria hilo pia. HY5 anapowasha jeni za kinga, huwasha pamoja nazo jeni za protini mbili, RUP1 na RUP2, ambazo huishika UVR8 iliyo peke yake na kuirudisha kwa mwenzake. Katika kichupa cha maabara, bila RUP, UVR8 zilizotengana huchukua zaidi ya siku nzima kushikana tena. Ndani ya mmea hushikana katika saa moja au mbili. Kumbuka kwamba hakuna kilichovunjika: triptofani haikuungua, protini haikuhitaji kutengenezwa upya, ipo tayari kwa fotoni nyingine. Mchana kutwa, basi, jani lina UVR8 zinazoachana na zinazoungana kwa wakati mmoja, na uwiano kati ya hizo mbili hufuata ukali wa jua. Wingu likipita juu ya Butembo, uwiano unabadilika. Jua la saa tisa alasiri likitokea tena, unabadilika tena.

UVR8 imo katika mwani wa kijani wa majini na katika mimea ya maua, kwa hiyo ni urithi wa kale sana, wa siku ambazo mababu wa mimea walikuwa bado wanaelekea nchi kavu. Mkulima anayesema kwamba mmea unalijua jua anasema jambo ambalo ni kweli kwa maana ya moja kwa moja.

Tukijua hayo, kazi ya kitalu inaonekana kwa sura nyingine. Paa la matete na migomba halipunguzi tu joto. Majani humeza UV-B karibu yote, kwa sababu yamejaa flavonoidi zilezile. UVR8 nyingi za mche ulio chini yake bado zimeshikana, hazina habari. Ngozi ya majani yake ina kinga kidogo tu. Ukiuhamisha ghafla, fotoni zinaingia moja kwa moja hadi chini kabla jeni za kinga hazijapata siku chache za kufanya kazi yake. Ukiondoa fito moja moja, unampa COP1 nafasi ya kushikwa kila siku kwa muda zaidi, na kinga inajengwa kabla ya kuhitajika. Wanaotumia vioo au karatasi za plastiki badala ya matete wanahitaji uangalifu zaidi: kioo cha kawaida huzuia UV-B, na plastiki nyingi za kilimo zimetiwa kemikali za kumeza urujuanimno ili zisipasuke upesi juani. Chini yake kuna mwanga tele. Mche unanenepa, unapendeza, mwenye kitalu anadhani umezoea jua, ilhali haujawahi kukutana na UV-B hata siku moja. Mche kama huo hauna budi kutolewa nje, asubuhi kwanza, kisha nusu siku, kabla ya kwenda shambani. Na mche uliooteshwa Beni kwa ajili ya mlima wa Lubero upate siku kadhaa za kuzoea hukohuko juu.

Liko jambo moja zaidi, na linaugusa moyo wangu. UVR8 haileti kinga ya ngozi tu. Hupunguza pia homoni ya oksini na protini zinazosukuma shina lirefuke. Kundi la Bristol lilionyesha mwaka 2014 kwamba UV-B huzuia ule urefukaji wa mmea unaojiona umefunikwa na majirani. Ndiyo maana maharage yaliyobanwa katikati ya mahindi hujivuta juu na kuwa membamba, na yale ya pembezoni hubaki mafupi na imara: ya katikati yanapata UV-B kidogo tu, pamoja na kukosa mwanga mwekundu.

Jambo hili linagusa maisha ya hapa: tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamefunga njia za mashamba mengi ya upande wa Beni. Familia inaotesha miche ya kakao au kahawa nyumbani, mjini, kisha njia inafungwa wiki baada ya wiki, na miche inapitwa na wakati wake chini ya kivuli. Shina linarefuka na kulegea, majani yanakuwa mapana na mepesi, na siku njia inapofunguka mche hauwezi tena kupandwa. Kwa aliye katika hali hiyo, ushauri unaotoka moja kwa moja katika kemia hii ni kutokuuacha kivulini ukimngoja. Punguza paa hata kama hujui siku ya kupanda, lakini polepole, huku ukiongeza maji. Jua la asubuhi na la alasiri lifike kwenye majani kila siku, uache kivuli cha saa za katikati tu. Mche utabaki mfupi kuliko wa jirani, shina lake nene, majani yake madogo na mazito, na unaweza kukaa kwenye mfuko wake wiki kadhaa zaidi ukiwa bado unafaa.